Magunia ya Nyuma

Tulimzika Shangazi Asekon mwezi uliopita, hapa Lodwar, kwenye mchanga ambao ni mgumu kuchimba na mwepesi kubomoka. Baada ya maombi watu walikaa chini ya maturubai kungoja chakula. Mbuzi walikuwa wamechinjwa, wali ulikuwa ukiiva kwenye masufuria ya kukodi, na mimi niliyekaa naye miaka yake ya mwisho nilikuwa nimewekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, ili kila anayeingia asikose kunipa pole. Nilikuwa nimechoka na pole. Ndipo akaingia mwanamke mzee, mrefu, shuka begani, beseni kichwani. Hakunipa pole yoyote. Alilitua beseni miguuni pangu, akaondoa sahani iliyolifunika, na mvuke wa mtama uliochemshwa ukanipanda usoni. Nilimjua kabla sijamtazama vizuri, kwa kile kimo na kwa namna yake ya kusimama bila kuegemea kitu. Alikuwa Mama Nyibol. Sikuwa nimemwona tangu nikiwa msichana, na kama ungeniuliza ni nani ambaye kamwe hangebeba mtama kuuleta kwenye matanga ya Shangazi, ningemtaja yeye kwanza. "Kula," akaniambia. Niliutazama ule mtama, mwekundu, umeiva vizuri, na mkono wangu ukakataa kutoka mapajani.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nikatumwa Kakuma nikamsaidie Shangazi. Hayo yanatosha kunihusu. Chumba nilicholala ndicho kilichokuwa stoo ya kikundi cha akina mama alichokiongoza: kuta za matofali ya udongo, bati juu, dirisha hakuna, ila tundu moja la hewa karibu na paa lililozibwa kwa wavu. Mchana joto lake lilikuwa la kukufukuza, na harufu ilikaa humo kama mpangaji, vumbi la nafaka, katani ya magunia, na juu ya yote mwarobaini, ambao ukishaujua pua haiusahau tena. Magunia yalipangwa safu mbili juu ya magogo yasiguse sakafu. Ya mbele, karibu na mlango, yalikuwa ya kula. Huo ulikuwa mtama wa msaada ambao akina mama wetu waliupata kambini kwa kubadilishana na kuni na makaa. Ya nyuma yalikuwa ya mbegu. Mbegu hiyo ilikuwa mtama wetu wenyewe, mfupi, mwekundu, unaokomaa haraka kabla unyevu wa mafuriko haujaisha kando ya laga, ule mto wetu wa mchanga ambao hupata maji kwa siku chache tu na kurudi kuwa njia ya mbuzi. Dukani huipati mbegu hiyo. Ikifa, kikundi hakina shamba, na mama wa Kakuma asiye na shamba wala mifugo alibakiwa na kazi moja, kwenda kukaa nje ya lango la kambi na bakuli tupu.

Adui yetu alikuwa fukusi, mdudu mdogo mweusi mwenye pua ndefu, ambaye anatoboa punje, anataga ndani, na mtoto wake anakula nyumba yake mpaka ibaki ganda. Dawa yetu ilikuwa mwarobaini. Tuliokota matunda yaliyoanguka kwenye miti iliyopandwa kando ya barabara, tukayavua nyama, tukaanika kokwa, tukatwanga kwenye kinu, tukaloweka hadi kesho yake na kuchuja kwa leso kuukuu. Kisha tulimwaga gunia zima kwenye turubai, tukanyunyiza yale maji kwa kifungu cha majani na kugeuzageuza kwa mikono. "Kivuli!" Shangazi alikuwa akinifokea. "Peleka kwa kivuli, wewe! Jua inakula dawa, halafu wadudu watakula mtama, na mimi nitakula nini?" Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kicheko cha ghafla kilichowashtua mbuzi. Mikono yangu ilikuwa michungu mwaka mzima. Nilishika chapati, ikawa chungu. Nilifuta jasho mdomoni, nikatema. Usiku niliota uchungu.

Mtama uliopakwa mwarobaini hauui mtu, ila huwezi kuumeza bila kukunja uso, kwa hiyo kuna namna ya kuuandaa, na namna hiyo ndiyo kiini cha kisa changu chote. Shangazi alitufundisha mimi na Mama Nyibol siku moja, tumechuchumaa nje ya stoo na sufuria katikati. "Unaosha, unamwaga. Unaosha tena, unamwaga. Halafu unaweka moja kwa ulimi, unafunga mdomo, unangoja. Ulimi ikisema kitu, osha tena. Ikinyamaza, pika." Mama Nyibol alijaribu, akatema, akaosha tena, akajaribu, akatabasamu. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikuwa amefika kambini na mtoto mmoja mgongoni na hakupenda kusimulia waliobaki njiani. Alianza kuja kwetu kubadilisha mtama kwa kuni, akaendelea kuja hata siku ambazo hakuhitaji kuni. Alimwita Shangazi *okti*, dada yangu, naye Shangazi, ambaye hakuwavumilia watu wa kambi kwa maneno yao kuhusu kuni zetu, alimtunzia huyu mmoja kikombe chake cha chai. Mtoto wake Nyibol alikuwa na umri wa kupoteza meno ya mbele. Mchezo wake aliopenda ulikuwa kuingia stoo na kubandika sikio kwenye gunia. Ukitulia mahali palipo na fukusi wengi unaweza kuwasikia, mchakacho mwembamba usioisha. "Wanaongea," alikuwa akiniambia. "Wanasema nini?" nikamuuliza. "Wanasema wako na njaa."

Mwaka ule mvua iligoma. Mbingu zilikuwa nyeupe asubuhi na nyeupe jioni, upepo ukipita laga unainua mchanga badala ya maji, na mbegu iliyopaswa kuwa ardhini ikaendelea kukaa gizani. Mwarobaini huchoka. Kila baada ya muda lazima urudie kazi yote, na sasa hata miti ilikuwa haina matunda, majani yenyewe wenye mbuzi walikuwa wameyakata kulisha mifugo iliyokosa nyasi. Magunia ya nyuma yakaanza kutoa unga chini, laini, mweupe, kama mtu aliyepita akimwaga majivu ya sigara. Shangazi aliingiza mkono, akatoa konzi, akapuliza, na nusu ya mkononi ikaruka. Alikaa chini pale pale. Sijawahi kumwona mtu akiogopa vile bila kukimbia. Tulichemsha majani makavu, tukachanganya majivu, na Nyibol aliendelea kubandika sikio na kutuletea habari kwamba bado wanaongea, wanaongea sana. Mtoto alikuwa akifurahi, na Shangazi akamfukuza stoo kwa mara ya kwanza.

Ndipo akaja shemeji yake, Lomuria, mchungaji wa ngamia kutoka upande wa Lokiriama. Alikuja kuuza mbuzi, akalala kwetu, akala kimya. Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba amewasha moto mbali na jiko, na kwenye mkebe mkuukuu wa mafuta alikuwa akichemsha vipande vya shina vilivyotoa utomvu. Niliona na maua yametupwa kando, ya rangi ya waridi, mazuri. Nilijua ni ule mti mnene wa mawe na jangwa ambao mbuzi huuzunguka bila kuuonja. Lomuria alisema wao huutumia kuwapaka ngamia kupe wafe. Nikafikiri, kupe ni wadudu, fukusi ni wadudu, basi. Siku hiyo Shangazi hakutaka mikono yangu. Alipaka magunia ya nyuma yeye mwenyewe, amefunga leso puani, na alipomaliza alisugua mikono kwa mchanga mpaka ikawa myekundu. Nikiwa upande wa pili wa ukuta niliwasikia wakizungumza. "Hii haioshwi," Lomuria alisema. "Nani ataiosha?" Shangazi akajibu. "Ni mbegu." Nilichoelewa ni kwamba dawa isiondolewe hadi siku ya kupanda, jambo ambalo hata mtoto angelijua. Miaka mingi sasa nasikia maneno yale mawili yakijibizana, na kila nikiyasikia naelewa nilichokuwa nimekisikia, kwamba dawa ile haitoki hata ukiiosha.

Siku chache baadaye Nyibol alichungulia mlangoni, akaona Shangazi hayupo, akakimbilia magunia ya nyuma na kubandika sikio. Alikaa muda mrefu. "Wamenyamaza," akaniambia, kwa uso wa mtu aliyeonewa. Kweli walikuwa wamenyamaza. Nilifurahi nikaimba. Lakini stoo bila ule mchakacho haikunipa usingizi tena, na mambo mengine yakaanza kuonekana. Mjusi alianguka kutoka ukutani akabaki chali. Kuku wa jirani aliyekuwa akidonoa punje zilizomwagika nyuma ya nyumba alikutwa amelala amekunja shingo, na Shangazi, badala ya kubishana na jirani kama kawaida yake, alilipa kuku mwingine haraka na kufukia yule. Alihamisha kitanda changu nje, akisema ni joto. Alifagia sakafu ya stoo mwenyewe. Nilimuuliza kama kuna nini, akanijibu, "Kuna mbegu." Siku hizi naelewa alichokuwa akiogopa. Watu wa kambini walileta mtama wao kwenye mlango ule ule. Neno la kwamba mwanamke wa Kiturukana ana sumu nyuma ya mtama wa wakimbizi lingefika kambini kabla ya chai kupoa, na wasingesubiri kusikia ni ya fukusi. Kwa hiyo alificha sumu nyuma ya neno moja ambalo kwetu lilitosha. Sisi tulikuwa tumelelewa tukijua mtu halili mbegu, hata akilala njaa anaipita.

Kisha posho ya kambini ikapunguzwa, na baadaye ikachelewa. Shangazi aliitwa Lodwar, ofisi ya kilimo, kwenye mkutano wa vikundi vilivyoomba pampu ya maji, na alijua asipoenda jina letu litafutwa. Aliuvua ufunguo shingoni akamvisha Mama Nyibol, mbele yangu. "Ya mbele ni yenu, kuleni," alisema. "Ya nyuma usiguse. Ni mbegu." Mama Nyibol akacheka. "Khalas, okti. Nenda. Mimi si panya." Shangazi alisimama kidogo mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga, akapanda pikapu. Angerudi baada ya siku mbili, lakini magari yalishambuliwa barabarani, na safari zote za Kakuma zikasimamishwa kungoja polisi wa kusindikiza.

Wageni walitumaliza. Ndugu za wanakikundi walishuka kutoka Lorugum na watoto wao, na huwezi kumwambia mtu aliyekaa mlangoni kwako tangu asubuhi kwamba humwoni. Magunia ya mbele yakalegea, yakaanguka, yakakunjwa. Siku tuliyokung'uta la mwisho, Nyibol alikunywa chai ya rangi bila sukari na kulala chini mchana kutwa, na mama yake akakaa akimtazama akilala. Kisha akainuka, akaingia stoo hadi kwenye magunia ya nyuma. "Shangazi alisema ni mbegu," nikamwambia. Alinigeukia, akaniita kwa jina langu, hakuwa na hasira. "Ya Akiru, mbegu ni ya mvua. Mvua iko wapi? Mtoto iko hapa." Kusema kweli tumbo langu lilikuwa upande wake. Alifungua gunia na kuchota kwa sahani. Aliosha, akamwaga. Aliosha tena, akamwaga. Maji yaliyotumika aliyamwaga mbali, kwa sababu Shangazi ndivyo alivyotufundisha. Aliweka punje moja kwenye ulimi, akafunga mdomo, akangoja, na mimi nikaweka yangu, nikangoja. Nilitafuta ule uchungu niliouzoea mwaka mzima. Haukuwepo. "Imenyamaza," akasema Mama Nyibol, na akaonekana amefarijika kabisa. Ulimi ulikuwa umefundishwa mti mmoja tu, nao ulitujibu kuhusu mti huo.

Mtoto alikula kwanza na alikula zaidi, ndivyo tulivyotaka. Mama yake alikula ukoko. Mimi nilikula kidogo kwa sababu nilikuwa naona aibu ya mbegu. Jua lilikuwa bado juu Nyibol alipoanza kutapika, na nilipoinuka kumshika niligundua magoti yangu si yangu. Ninachokumbuka zaidi ni moyo. Ulipiga, ukangoja, na katika kungoja kule nilisikia kila kitu, mbuzi, upepo kwenye bati, mtu akikohoa, kisha ukapiga tena kama uliokumbushwa. Majirani walitubeba hadi zahanati. Ua ulikuwa umejaa jamaa za Mama Nyibol kutoka kambini, wakisema ni maji, ni kipindupindu, na daktari kijana alikuwa akiuliza swali lile lile. "Mmekula nini?" Mama Nyibol alimjibu, "Mtama. Tumeosha."

Shangazi aliingia kwenye ua ule akiwa na vumbi la barabara usoni. Msafara ulikuwa umeruhusiwa asubuhi hiyo, na kituoni walikuwa wamemwambia tuko wapi. Aliniinamia. "Gunia gani?" aliuliza kwa sauti ndogo. "La nyuma." Nilimwona akiwatazama wale wanaume waliosimama karibu na mlango, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejua kitu. Angeweza kutuacha na kipindupindu chetu. Alisimama wima, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Iko na sumu. Ni mimi niliweka." Kisha akamtajia daktari mti wenyewe, na vile unavyochemshwa, akiongea haraka, huku watu wakianza kusogea. Daktari akakimbia kutafuta dawa ya moyo. Kwa mimi na Mama Nyibol palikuwa na muda. Kwa mtoto hapakuwa. Polisi walimtoa Shangazi uani wakimzunguka asipigwe, na kilichowazuia vijana wa kambini wasimfikie ni sauti ya Mama Nyibol kutoka kwenye mkeka. "Wacheni. Niulize yeye." Akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" "Nilikuambia ni mbegu," Shangazi alisema, na sasa alikuwa akilia. "Mimi mama," Mama Nyibol akasema. "Mbegu ni nini kwangu?"

Vijana wale walikuja kuichoma stoo baada ya mazishi ya Nyibol, na Shangazi alikuwa ameshaufungua mlango. Mama Nyibol alikuja nyuma yao, akitembea kama mtu anayejifunza. Alipita katikati yao, akauvua ufunguo shingoni. Hakumkabidhi Shangazi mkononi, aliuweka chini kwenye mchanga. "Msichome," alisema. "Mkichoma, hawa watakula nini mwaka kesho? Wapande." Akaondoka. Mvua ilikuja muda mfupi baadaye, laga ikajaa, tukapanda yale magunia ya nyuma, na sijawahi kuona mtama ukiota vizuri vile. Nilitembea kati ya mistari nikiuchukia. Shangazi hakuutumia tena ule mti, na kila msimu aliandika alama kubwa ya fuvu kwenye chochote kisicholiwa, hata kwenye sabuni, mpaka watu wakamcheka. Mama Nyibol alihamia Lokichoggio, akafungua kibanda cha chai karibu na malori. Watu waliendelea kumwita hivyo hivyo, Mama Nyibol, maana hatukuwa na jina lingine la kumpa. Kila mavuno Shangazi alimtumia debe moja la mtama kwa pikapu, haujapakwa chochote. Jibu halikurudi hata mara moja, na mavuno yaliyofuata alituma tena.

"Kula," Mama Nyibol alirudia, pale kwenye matanga. Nilimwambia, "Huu umetoka wapi?" Alijishusha chini kwenye mchanga, polepole, mkono mmoja kwenye goti langu. "Ni ya Asekon," alisema. "Ile alinitumia mwisho." Nikamuuliza kama ile mingine alikuwa akiila. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipumbavu. "Nilikuwa napea kuku." "Miaka yote hii?" "Miaka yote. Kuku haikufa hata moja." Karibu nicheke, na yeye pia, naapa, mdomo wake ulitikisika. "Na mwaka huu?" nikamuuliza. "Mwaka huu amekufa yeye," alisema. "Nikapika."

Alichukua punje moja, akaiweka kwenye ulimi, akafunga mdomo. Alingoja. Chini ya maturubai watu walikuwa wakiita sahani, watoto wakilia njaa, mtu akipiga kelele kuhusu chumvi. "Haina kitu," akasema.

"Hata siku ile haikuwa na kitu, Mama Nyibol."

"Najua," alisema, akachota konzi ya kwanza, akala. Nilingoja moyo wangu upige. Ukapiga, nami nikanyoosha mkono.